Bomba la mvua la maji moto kwenye Hiace: safari ya Tabora hadi Ujiji na mama mzee

Msafiri wa Isevya (Tabora)

Ndugu zangu, salaam. Nina Hiace ambayo nimeing'oa viti vya nyuma na kuiwekea kitanda cha mbao, kabati dogo la vyombo, na betri ya pili ya volti 12 na ampia 100 inayochajiwa na paneli ya sola iliyofungwa juu ya keria. Mwezi wa Julai ninakusudia kumpeleka mama yangu mzazi Ujiji akawaone ndugu zake. Safari ni ya zaidi ya kilomita 400 kwa kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza, na kwa kuwa magoti ya mama hayamruhusu kukaa kitako kutwa nzima, tutalala njiani usiku mmoja au miwili.

Shida yangu ni maji ya kuoga. Mama ana miaka 74, na akiogea maji ya baridi viungo vinamkaza hata kesho yake hawezi kushuka garini bila kushikwa. Ndoo na kopo pia vinamtesa kwa sababu ya kuinama. Nyumbani anakaa kwenye kigoda na maji yanamteremkia kutoka juu. Ningependa apate hivyo hivyo njiani, jioni moja baada ya nyingine.

Muuzaji mmoja ameniambia ninunue hita ya kuchovya inayotumia betri ya gari. Mwingine ananishauri nifunge hita ya gesi ya papo kwa papo ndani ya gari, pembeni ya kabati. Nimeona pia magari yenye bomba jeusi juu ya paa. Naomba aliyewahi kuvitumia anieleze kipi kinafaa kwa hali ya mama.

Fundi wa Mwanga (Kigoma)

Kaka, mfikishie mama shikamoo yangu. Nianze na hita ya betri. Muuzaji hakukudanganya aliposema inapasha maji. Alichoacha kukuambia ni kile inachokula. Kupandisha joto la lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 40 kunahitaji takriban kilojuli 1,675, yaani karibu nusu ya uniti moja unayonunua kwa LUKU. Kwa betri ya volti 12 ni sawa na kuvuta ampia 39 kwa saa nzima. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo katika zile ampia 100 ulizo nazo, 50 tu ndizo za kutumia; ukishamwogesha mama, usiku huo taa na chaji ya simu ni mashaka. Betri iachie kazi ya kusukuma maji, joto litafute kwingine.

Bomba jeusi ninalitumia mwenyewe. Bomba la PVC la inchi 4 lenye urefu wa mita 2.4 linabeba karibu lita 20, kwa hiyo ni kilo 20 juu ya keria, uzito ambao keria nzuri haiusikii. Lipake rangi nyeusi isiyong'aa, lizibe ncha zote mbili, weka tii (kiungo chenye midomo mitatu) ya kujazia upande wa mbele na koki upande wa nyuma, kisha ulilaze kwa mteremko mdogo kuelekea kwenye koki. Kwa jua la Julai la Tabora, ambalo halina wingu, maji yaliyojazwa asubuhi huwa na moto wa kutosha kuogea ifikapo saa kumi jioni. Jua likizama yanapoa haraka sana, hivyo lifunike kwa blanketi mapema au aoge kabla ya Magharibi.

Bomba la kwanza nililitengeneza kwa PVC nyepesi ya majitaka, na kabla sijafika Kidahwe kiungo cha elbo kilikuwa kimeachia, maji yote yakashukia kioo cha mbele. Nunua bomba la maji safi, lenye ukuta mnene, na uache gundi ikauke usiku kucha kabla ya kujaza. Wapo wanaojaza upepo kwa pampu ya tairi ili maji yatoke kwa nguvu. Mimi sikushauri, kwa sababu PVC ikishapata moto wa jua inalegea, na ikipasuka inarusha vipande. Acha tundu dogo la hewa juu ya tii na maji yashuke kwa uzito wake.

Dada wa Kasulu

Ndugu Msafiri, nakuomba sana hiyo hita ya gesi usiifunge ndani ya gari. Gesi inapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu wala rangi, na anayeivuta husinzia tu asijue kinachomtokea. Katika gari lililofungwa vioo kwa ajili ya baridi, na mama mzee yumo ndani, hilo si jambo la kujaribu hata kwa dakika tano. Kila kinachowaka moto kiwake nje.

Ninatumia njia nyepesi kuliko ya bomba la juu, na haitegemei jua. Huku milimani kwetu siku ya mawingu bomba jeusi halikusaidii chochote. Ninachemsha lita 5 kwenye jiko la mtungi mdogo wa kilo 6, nje ya gari, upande usio na upepo. Ndoo yenye mfuniko ninaitia kwanza lita 15 za maji ya kawaida, kisha ninamimina yale yaliyochemka. Maji ya kawaida yakiwa na nyuzi 20, mchanganyiko unafika nyuzi 38 au 39, ambalo ndilo joto la kuogea mtu mzima bila kumuunguza. Kwa kila ndoo gesi inayotumika haizidi gramu 100, kwa hiyo mtungi mmoja utakurudisha Tabora ukiwa bado na gesi.

Mpangilio huo wa baridi kwanza na moto baadaye usiupindue. Pampu ndogo za kuzamisha za volti 12 ni za plastiki na hazivumilii maji yaliyochemka. Pampu izame kwenye ndoo baada ya wewe mwenyewe kutia kiwiko majini na kuridhika. Usipime kwa kiganja, maana viganja vya wanaume waliozoea kazi haviungui upesi, na ngozi ya mzee ni nyembamba. Kutoka kwenye pampu peleka mpira wa maji hadi kichwa cha bomba la mvua kilichofungwa kwenye mlango wa nyuma wa Hiace, ule unaofunguka kwenda juu, na turubai lizunguke pande tatu. Weka fyuzi kwenye waya wa pampu, na swichi iwe mahali ambapo mama anaweza kuifikia akiwa amekaa, ili azime wakati wa kujipaka sabuni. Akifanya hivyo, lita 20 zinamtosha na zinabaki.

Msafiri wa Isevya (Tabora)

Dada, Mungu akubariki. Habari ya kiwiko sikuijua. Kitanda cha mama kiko nyuma kabisa, kwa hiyo bafu la mlango wa nyuma litamfaa bila kutembea gizani. Swali langu lililobaki ni hili: tukifika ziwani, ninaweza kuchota maji ya Tanganyika kwa zile lita 15 za baridi?

Mkazi wa Bangwe

Hapana, usiyachote na kuyatumia papo hapo. Ziwa letu linaonekana safi kwa macho, lakini kwenye fukwe zenye majani na konokono kuna kichocho, na vijidudu vyake huingia kwa kupenya ngozi. Nyuzi 39 haziwaui. Kwa hiyo ukichanganya lita 5 zilizochemka na lita 15 mbichi, unakuwa umempashia mama maji ya kichocho. Ama uchemshe yote, ama uyachote na kuyaacha kwenye dumu lililofunikwa kwa siku mbili, maana vijidudu hivyo bila kupata mtu havimalizi muda huo. Lililo rahisi zaidi ni kujaza madumu yako maji ya bomba kabla ya kuondoka Uvinza, na mkifika Ujiji ndugu zenu watawapa.

Maji ya sabuni yamwageni mbali na ukingo, udongo uyanywe. Tunalitegemea ziwa hili kwa dagaa na kwa kunywa.

Msafiri wa Isevya (Tabora)

Narudi kuwapa majibu. Nimefuata njia ya dada wa Kasulu, na bomba la fundi nitalifunga baadaye kwa safari za kiangazi. Jana jioni tumejaribu uani: lita 5 zilizochemka, lita 15 kutoka kwenye simtanki, kiwiko, kisha pampu. Mwanzoni maji yalitoka kwa kukatika katika kwa sababu mpira ulikuwa umejikunja kwenye bawaba ya mlango, nikaongeza klipu na yakanyooka. Mama alikaa kwenye kigoda chake, akazima na kuwasha swichi mwenyewe mara tatu. Aliposimama hakuhitaji mkono wangu, na ndoo ilikuwa imebaki na maji ya kina cha vidole vinne, ambayo aliniagiza nimpelekee mjukuu wake akaoge miguu.