Kuhama kutoka mota ya gurudumuni hadi mota ya pedalini: je, inafaa kwa milima ya Bukavu?

Mfamasia wa Nguba (Bukavu)

Ndugu wapendwa, salamu kutoka Bukavu. Ninaomba ushauri wenu kuhusu baiskeli yangu ya umeme, ambayo mota yake imo ndani ya gurudumu la nyuma. Ninaitumia kupeleka dawa kutoka Nguba, kando ya ziwa, hadi kwenye vituo vidogo vya afya vya Kadutu, na mara nyingine hadi Cimpunda. Siku ya vidonge na bandeji mzigo ni mwepesi, lakini siku ya maji ya dripu mimi, baiskeli na maboksi kwa pamoja tunafikia kilo 140 hivi. Mota imeandikwa wati 500, betri ni ya volti 48 na ampea-saa 13, fremu ni ya chuma, na nyuma kuna gia saba.

Kwenye sehemu tambarare sina lalamiko lolote. Shida huanza ninapoanza kupanda: mwendo hushuka hadi karibu na ule wa mtu anayetembea, kava ya mota hupata moto kiasi kwamba mkono haukai juu yake, kisha kidhibiti hukata umeme na ninabaki kusukuma hadi ipoe. Spoki za upande wa gia nazo hukatika mara kwa mara, daima mahali pale pale, kwenye kona inapoingia katika ukingo wa mota.

Nimesoma kwamba baiskeli zenye mota katikati, pale penye pedali, hupanda vizuri zaidi. Ninataka kujua kama faida hiyo ni ya kweli hata nikibaki na betri hii hii, kama mnyororo utavumilia, na kama ni busara kununua baiskeli mpya nzima au kubadilisha hii niliyo nayo.

Fundi wa Nyawera (Bukavu)

Mama Mfamasia, asante kwa kueleza kwa kina, maana wengi huuliza bila kutaja hata uzito wa mzigo.

Faida ni ya kweli, na haitokani na wati. Chukua mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100 za barabara. Kilo 140 kwenye mlima huo zinahitaji msukumo wa nyutoni 157 hivi pale tairi linapogusa ardhi, ukihesabu pia ukinzani wa tairi lenyewe. Ikiwa gurudumu lina nusu kipenyo cha sentimita 35, ekseli inadaiwa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita 55. Mota nyingi za gurudumuni za ukubwa wa yako hutoa kati ya 40 na 60, kwa hiyo unapokuwa na maboksi ya dripu mota inafanya kazi kwenye ukomo wake tangu chini ya mlima hadi juu.

Halafu kuna suala la mwendo, na hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa. Mota hiyo ilisukwa kwa ajili ya mwendo wa kilomita 25 kwa saa, ambapo gurudumu huzunguka karibu mara 190 kwa dakika. Ukipanda kwa kilomita 10 kwa saa, linazunguka mara 76 tu. Mota ya umeme ikilazimishwa kuzunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa huvuta mkondo mkubwa, na joto katika nyaya zake za shaba huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa maradufu, joto huwa mara nne. Sehemu kubwa ya umeme uliolipia unaishia kuchemsha kava ile unayoshindwa kuigusa. Gia zako saba hazisaidii lolote katika hilo, kwa sababu zinahudumia miguu yako peke yake. Mota haizijui kabisa.

Mota ya pedalini hupitisha nguvu yake kwenye mnyororo uleule unaopitisha nguvu ya miguu, kwa hiyo ukibadilisha gia unaibadilishia mota pia. Kwa mfano, mota ya Bosch Performance Line CX, ambayo kwenye karatasi ni ya wati 250 tu, nusu ya yako, hutoa torki ya nyutoni-mita 85 kwenye pedali. Ukiwa na sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) ya meno 36 mbele na ya meno 46 nyuma, torki hiyo inafika kwenye gurudumu ikiwa karibu 109, kabla hujaongeza nguvu ya miguu yako. Mota yenyewe inaendelea kuzunguka kwa kasi inayoipenda huku baiskeli ikipanda taratibu, na ndiyo maana haichemki.

Kuhusu betri, kila mita 100 za kupanda wima kwa kilo 140 zinadai wati-saa 38 kamili, na hakuna mota inayoweza kukwepa deni hilo. Mota inayopoteza nusu ya umeme kwa joto itachota wati-saa 76 kwenye betri. Inayopoteza robo tu itachota 51. Betri yako ina wati-saa 624. Fanya hesabu ya milima yako ya siku moja, utaona kwamba betri hiyo hiyo itakufikisha mbali zaidi. Kwa mji wetu ambao umeme unaweza kukatika usiku kucha, tofauti hiyo si ndogo.

Mpanda baiskeli wa Ndosho (Goma)

Ninaunga mkono maneno ya Fundi, na ninaongeza jambo moja linalotuhusu sana sisi wa Goma. Huku milima si tatizo kubwa, bali mawe. Barabara nyingi za mitaa yetu zimepita juu ya lava ya Nyiragongo, ikiwemo ile iliyoingia mjini mwaka 2002, na mawe hayo yana ncha kali. Mota ya gurudumuni ina kilo kadhaa ambazo hazina springi yoyote chini yake isipokuwa upepo wa tairi. Kila jiwe linapogongwa, uzito huo wote hupigwa juu na kurudi chini, na spoki ndizo zinazobeba pigo. Isitoshe, kwa kuwa kitovu chenye mota ni kipana sana, spoki zake huwa fupi na huingia kwenye rimu kwa pembe kali, kwa hiyo kukatika penye kona si jambo la ajabu.

Kisha fikirieni pancha. Gurudumu la nyuma lenye mota halitoki hivi hivi: inabidi kukata vifungo vya plastiki vinavyoshika waya, kuchomoa kiunganishi, kutafuta spana ya namba 18 kwa ajili ya nati za ekseli, kuondoa kipande cha chuma kinachozuia ekseli isizunguke, na wakati wa kurudisha ni lazima waya utazame chini ili maji ya mvua yasiufuate hadi ndani ya mota. Nimeyafanya hayo kando ya njia huku mvua ikinyesha, na watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wakinipita na magunia yao. Tangu nipate baiskeli yenye mota ya pedalini, gurudumu la nyuma ni gurudumu la kawaida, na kijana yeyote anayeziba mipira barabarani analiweza.

Mwalimu wa Ruashi (Lubumbashi)

Wapendwa, nawaheshimu wote waliotangulia, lakini ningependa Dada Mfamasia asikie pia upande wa pili kabla ya kutoa fedha.

Mji wetu wa Lubumbashi uko kwenye uwanda wa takriban mita 1,200, na ninapotoka Ruashi kwenda katikati ya mji sikutani na mlima unaostahili jina hilo. Mota yangu ya gurudumuni haijawahi kunisumbua, na mnyororo wangu hauchakai haraka kwa sababu unabeba nguvu ya miguu yangu tu. Mnyororo ukikatika, nafika nyumbani kwa umeme. Mwenye mota ya pedalini akikatikiwa na mnyororo anatembea kwa miguu, hata betri ikiwa imejaa. Kwa hiyo wasomaji wa miji tambarare wasidhani kwamba mota ya katikati ni bora kila mahali.

Swali langu kwa Dada ni hili: mota yako ni ile isiyo na gia ndani, ambayo huvuta breki yenyewe na kurudisha umeme kidogo kwenye betri unaposhuka? Kama ndivyo, mota ya pedalini itakunyima msaada huo, kwa sababu mnyororo hausukumi mota kinyume. Mtu anayepanda Kadutu na mzigo lazima pia ateremke.

Fundi wa Nyawera (Bukavu)

Mwalimu amesema kweli, na suala la breki nilipaswa kulitanguliza. Nguvu yote iliyotumika kupanda inarudi kama joto unaposhuka. Mama, kabla hata ya kufikiria mota, hakikisha una breki za diski za mafuta, na sahani ya mbele iwe ya milimita 180 au zaidi. Breki za raba zinazobana rimu hazifai kwa kilo 140 kwenye mteremko wenye utelezi wa udongo wetu wakati wa mvua.

Kuhusu mnyororo, ni kweli unachakaa haraka zaidi, lakini uchakavu huo unaweza kupimwa, na kinachoweza kupimwa hakikushtukizi. Chukua rula ya chuma, weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu pini 24 mbele. Mnyororo mpya utasoma milimita 304.8. Ukifika 307, ubadilishe mara moja, kwa sababu ukiendelea nao utakula meno ya sproketi, na sproketi ni ghali kuliko mnyororo. Kaa na mnyororo wa gia saba au nane: ni mpana, ni imara, na unapatikana sokoni, tofauti na ule mwembamba wa gia 11 au 12.

Jambo la pili ni tabia ya mpandaji. Badilisha gia kabla ya mlima kuanza, si katikati yake, na unapobadilisha acha kukanyaga kwa nusu sekunde ili mota ilegeze. Baiskeli mpya za bei kubwa zina kihisi kinachokata nguvu chenyewe gia inapobadilishwa; vifaa vya kubadilishia baiskeli ya kawaida mara nyingi havina. Asiyezoea jambo hili huvunja minyororo, halafu huilaumu mota.

Sasa, ununue mpya au ubadilishe? Kwa maoni yangu, badilisha. Baiskeli mpya zenye mota ya kiwandani ni nzuri sana, lakini betri, mota na skrini zake hutambuana kwa programu, na hitilafu ikitokea inahitajika kompyuta ya wakala wa kampuni. Vilevile betri ya zaidi ya wati-saa 160 hairuhusiwi kwenye ndege ya abiria, kwa hiyo betri mbadala itakubidi uisubiri kwa njia ya mizigo. Fremu yako ya chuma na betri ya volti 48 ni mtaji, usiutupe.

Pima vitu viwili kisha uniambie. Kwanza, upana wa bomba la fremu linalopita ekseli ya pedali: mota kama BBS02 ya Bafang inakubali milimita 68 hadi 73. Pili, soma kibandiko cha betri uone inaruhusu ampea ngapi kwa mfululizo, kwa sababu mota hiyo ya volti 48 huweza kuvuta ampea 25.

Mfamasia wa Nguba (Bukavu)

Nawashukuru sana, Papa Fundi, Mwalimu, na ndugu yetu wa Goma. Mota yangu ni ile yenye gia ndani na hairudishi umeme, kwa hiyo upande huo sipotezi kitu. Breki ya mbele ni ya diski lakini inavutwa kwa waya. Nitaibadilisha kwanza, kama mlivyoshauri.

Bomba la fremu lina milimita 68 kamili. Kibandiko cha betri kinasema ampea 20. Je, hilo linaharibu mpango mzima? Na mbele niweke sproketi ya meno mangapi? Nimefikiria ndogo kabisa, labda ya 34, ili kupanda kuwe rahisi.

Fundi wa Nyawera (Bukavu)

Haliharibu, Mama. Kidhibiti cha mota hiyo huunganishwa na kompyuta kwa waya maalumu, na ukomo wa mkondo hushushwa. Uweke 18, ili betri isifike mwisho wake. Ampea 18 kwa volti 48 ni wati 864, na mlima wa mfano wetu kwa kilomita 10 kwa saa unadai wati 440 hivi barabarani, kwa hiyo unabaki na akiba hata baada ya hasara.

Usiweke 34 mbele. Sproketi ndogo haiwezi kuingia ndani kuzunguka kasha la mota, kwa hiyo hukaa nje zaidi, na mnyororo hupinda vibaya ukiwa kwenye gia ya mlima, ile ile unayoihitaji. Weka ya meno 42 iliyopinda kuelekea ndani, na wepesi utafute nyuma: kwa kuwa utahitaji gurudumu jipya la nyuma hata hivyo, agiza gia saba ambazo sproketi kubwa ina meno 34. Mwambie anayelisuka atumie spoki nene za milimita 2.3 upande wa kona.

Baada ya kufunga mota, endesha siku chache bila mzigo, kisha ulete baiskeli tukaze tena nati kubwa inayoshika mota kwenye fremu. Nati hiyo hulegea mwanzoni, na ikiachwa hivyo mota huanza kucheza ndani ya bomba na kulikwangua.