Eti "kikombe ni kikombe"! Huyu mtu amenichafulia siku

#1 (mleta uzi)
Wakuu, naandika mikono bado ina siagi. Simtaji, wote mnamjua: yule anayejibu swali la mapishi kabla hujamaliza kuliuliza. Nimemuuliza kwa adabu, mbele za watu: unga wa ngano gramu 250, sina mizani, ni vikombe vingapi? Akajibu: "Kimoja. Kikombe ni kikombe. Kama hata hilo hulijui, acha kuoka."

Acha kuoka! Mimi!

Na nilimwamini, ndicho kinachoniuma. Nikachekecha unga, nikajaza kikombe cha mililita 250, nikasawazisha juu kwa kisu. Kikombe hicho kinabeba unga gramu 125 hivi. Nusu! Siagi yote imo, mayai yote yamo, unga nusu. Kilichotoka kwenye oveni si keki, ni shimo. Ukidondosha kijiko katikati hukisikii kikifika chini.

Gramu 250 kwa kikombe hicho ni maji, jamani! MAJI! Unga una hewa katikati yake. Sukari inakaribia gramu 200 kwa kikombe, asali inapita 330, unga hauna hata habari nao. Halafu mtu anakaza shingo mbele za watu, "kikombe ni kikombe", na watu wanamwitikia. Acha kuoka, ananiambia. Acha kuoka!

#2
Keki imekufa moja, povu ndoo tatu. Nunua mizani, mkuu, utuache tulale.

#3
Mleta uzi ana haki. Hata huo unga wenyewe, ukiumimina kwa kijiko unapata gramu 120 hivi, ukichota kwa kikombe moja kwa moja na kushindilia unafika 150. Kikombe kilekile, mkono tofauti.

#4
Mnabishana kikombe bila kuuliza kikombe cha nani. Cha Marekani ni mililita 237, cha Australia 250. Kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20, wengine wengi 15. Mimi magadi ya kuokea niliyapima kwa kijiko cha Australia kwenye mapishi ya Marekani. Biskuti zilikuwa na ladha ya sabuni, na hakuna aliyenifungulia uzi.

#5
Afadhali nyie. Mimi niliandikiwa "oka kwa nyuzi 350", basi. Farenihaiti au Selsiasi, kimya. Nikazungusha kitufe cha oveni mpaka kikagoma. Kumbe ni za Farenihaiti, yaani Selsiasi 177! Nje mkaa, ndani uji.

#6
@5 umenichekesha mpaka nimekohoa. Ila hakuna dhambi kubwa kama anayeandika "chombo cha keki" bila kutaja upana. Cha inchi 9 kinazidi cha inchi 8 kwa zaidi ya robo ya eneo. Keki yangu ilikuwa nyembamba kama bahasha.

#1 (mleta uzi)
Sawa, lakini turudi kwenye mada. Alisema KIMOJA. Mbele za watu. Hajaomba radhi mpaka sasa!

#7
Mleta mada, umeshasema. @6 hivi cha mraba nacho ni sawa na cha duara?

#6
Si sawa. Cha mraba cha inchi 8 ni inchi za mraba 64, duara la inchi 9 nalo linakaribia hapohapo. Hivyo viwili unaweza kuvibadilisha. Duara la inchi 8 ni 50 tu.

#8
Asante, hiyo naiandika ukutani. Na "siagi iliyolainika" inamaanisha nini? Yangu iliyeyuka yote.

#1 (mleta uzi)
Acha kuoka, jamani! Hivi mnalisikia hilo neno?

#7
@8 ukibonyeza kidole kiache shimo, isiwe inang'aa mafuta. @5 oveni yako ina feni?

#5
Ina feni.

#7
Basi hiyo 177 ipunguze nyuzi 20.