Naomba ushauri: baridi yabisi na mapigo ya moyo ya mamangu

Assalam aleikum ndugu zangu. Mamangu ana miaka 61, tuko Likoni. Ana baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo, huu mwaka wa 7, na anatumia methotrexate, dawa ya kutuliza kinga hiyo, mara moja kwa wiki. Tangu mwezi jana moyo unamruka usiku. Nikimshika kifundo cha mkono nasikia mapigo matatu ya mbio, kimya, halafu moja zito. Alipimwa umeme wa moyo ukatoka sawa, lakini siku hiyo moyo ulikuwa umetulia! Daktari anasema ugonjwa huu wa viungo waweza kuvuruga mapigo ya moyo pia. Naogopa kiharusi, wallahi.

Je, nisisitize apewe kile kipimo cha umeme wa moyo cha kuvaliwa saa 24? Na kuna aliyekifanya hapa Mombasa bila kupelekwa Nairobi?