Gari nimenunua nilipande mimi, sijanunua ili nije kukuuzia wewe!

Wakuu, naandika huku mikono inanitetemeka, nimerudi kutoka ukweni Kibaha sasa hivi. Kuna shemeji yangu mmoja, jina silitaji. Leo kasema Verossa yangu itauzika KWA KILO. Mbele ya baba mkwe!

Mzee mwenyewe ndiye aliyeomba nimzungushe kidogo. Kashaingiza mguu mmoja, mkono kashika mlango, jamaa huyo anakuja na kijiti mdomoni. Akapiga tairi teke mara mbili kama anakagua ng'ombe mnadani. “Shem, hii siku ukitaka kuiuza, labda kwa kilo.” Mzee akatoa mguu. Jamani, AKATOA MGUU! Eti atapanda siku nyingine.

Nani kasema nauza? Toyota waliacha kuitengeneza 2004, mnakutana nazo ngapi barabarani? Silinda sita kwenye mstari mmoja, rangi damu ya mzee, nimeitamani tangu niko kidato cha pili. Inakunywa mafuta, najua, na ninayalipia mimi.

Jamaa mwenyewe ana Toyota IST ya silva. Kwa nini silva? “Inauzika.” Viti vina nailoni tangu itoke bandarini, ukishuka saa nane mchana shati limekuganda mgongoni. Watoto wake wanavua viatu ndipo wapande. Bagamoyo haendi, kilomita zitapanda! Miaka sita anamtunzia gari mteja ambaye pengine hata hajazaliwa.

Halafu mimi ndiye wa KWA KILO.

Kobe wa Temeke: Mkuu, kwani chuma chakavu kilo sasa hivi shilingi ngapi?

Mama Wawili: Hahahaa, mzee katoa mguu!

Dereva Mstaafu: Jamaa kasema kweli. IST yangu namba D iliondoka kwa siku mbili, dalali hata soda hajamaliza. Hiyo Verossa utaitangaza mpaka wanao waoe.

Mleta uzi: SIUZI! Nimeandika wapi kwamba nauza?

Fundi Rangi: Kama huuzi gari, niuzie taa za nyuma.

Binti wa Pongwe: Afadhali nyie wa magari. Mama yangu ana sahani za maua kabatini tangu harusi yake, sisi tunakula kwenye plastiki iliyogeuka rangi ya mchuzi. Ukiuliza, “za wageni.” Wageni gani hao wasiofika?

Mama Wawili: Mwenzangu! Kwetu sofa lina vitambaa, juu ya vitambaa nailoni. Jana nimeteleza na kikombe cha chai mkononi.

Kobe wa Temeke: Hiyo nailoni mnaiosha na nini? Ya kwangu imekuwa ya njano.

Dereva Mstaafu: Maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, halafu ianike kivulini.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Mzee alikuwa kashaingiza mguu.

Binti wa Pongwe: Kivulini kwa muda gani?