Uzamili kuhusu homa ya Bonde la Ufa: nisome fani ipi?

Swali: Ndugu wanajukwaa, nimehitimu shahada ya tiba ya mifugo na nataka kuchunguza homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa virusi wa mifugo na watu unaoenezwa na mbu; je, kwa uzamili nijikite kwenye biolojia ya molekuli pekee au nichague Afya Moja, yaani fani inayounganisha afya ya watu, wanyama na mazingira?

Jibu: Chagua Afya Moja. Mayai ya mbu aina ya Aedes hustahimili ukame yakiwa na virusi, kisha huanguliwa mvua kubwa zinapofurika mbugani, kama ilivyotokea Kenya na Tanzania mwaka 2006 na 2007, kwa hiyo utamhitaji mtaalamu wa hali ya hewa mapema sana.

Jibu: Utamhitaji mwanaanthropolojia pia, yaani mtafiti wa maisha na desturi za watu. Mfugaji huona kondoo wakitupa mimba kwa wingi kabla ya daktari yeyote, na anayechinja mnyama mgonjwa huambukizwa kwa damu.

Jibu: Nakubali, ila tafuta msimamizi wa maabara, kwani bila kupima kingamwili, yaani protini za damu zinazoonyesha kuwa mwili umepambana na virusi, utabaki na dhana.