Karabai ya zamani isiyo na jina: ni ya aina gani, na inafufuliwaje?

Mshumaa77:
Wakuu, nina karabai, ile taa ya mafuta ya taa inayopigwa pampu, iliyokaa stoo miaka mingi. Tangi ni la nikeli iliyochujuka, kifuniko cha mafuta kina geji yenye mstari mwekundu, pembeni kuna gurudumu dogo, na ndani kuna kikombe kinachozunguka bomba. Maandishi hayasomeki. Nikipiga pampu, mpini unarudi juu wenyewe. Ni ya aina gani, na nianzie wapi?

Shaba_na_Nikeli:
Geji kwenye kifuniko, gurudumu na kikombe cha spiriti: hiyo ni ya ukoo wa Petromax, iliyotoka Berlin kwa kampuni ya Ehrich & Graetz. Usiiite Petromax bado, maana umbo hilo liliigwa sana China na India. Sugua gurudumu na ubavu wa tangi kwa mswaki laini na maji ya sabuni, kisha mulika tochi kwa pembeni, si kwa mbele. Herufi zilizofutika hujitokeza kwa kivuli chake. Tilley ya Uingereza usingeichanganya na hii: bomba lake linapanda wima, utambi (kile kifuko cha kitambaa kinachong'aa) hufungwa juu na chini, na hupashwa kwa kibanio chenye spiriti. Coleman nyingi, za Marekani, zina mwezi na mwaka chini ya tangi.

Tafadhali usiguse nikeli kwa msasa wala steliwuli. Amonia nayo usiitie kabisa: hupasua shaba, na tangi lenye ufa halirudi kushika mgandamizo.

FundiTaa:
Mpini kurudi ni vali iliyo chini kabisa ya silinda ya pampu. Hewa ya tangini inarudi nyuma. Legeza kwanza skrubu ya hewa kwenye kifuniko. Toa mpini, kisha ifungue vali kwa bisibisi inayojaa mfereji wake wote, la sivyo utauharibu. Ndani kuna springi na kipande kidogo cha mpira. Kikiwa kigumu na kina alama ya duara iliyozama, hakizibi tena. Kata kipya kwa mpira unaostahimili mafuta. Wa tyubu ya baiskeli huvimba ndani ya mafuta ya taa. Hili si la kuahirisha: vali ikiachia taa ikiwa inawaka, mafuta hutoka nje kupitia pampu.

Ngozi ya pampu iloweke mafuta usiku kucha, kisha ipanue mdomo kwa vidole. Baadaye jaza hewa bila kuwasha, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, uone geji kama inashuka.

Mshumaa77:
Asanteni. Vali inashika sasa. Ila mwanga ni wa njano, moshi mwingi, na unapwita.

FundiTaa:
Njano na moshi mara nyingi ni bomba linalogeuza mafuta kuwa mvuke kutopata joto. Jaza kikombe spiriti, na usifungue mafuta mpaka moto wa spiriti unakaribia kuisha. Ikiendelea, toa kofia ya juu ya taa utazame bomba la kuchanganyia hewa: buibui hupenda kujenga humo, na wavu mdogo tu unatosha kuharibu mwako. Pima pia nafasi kati ya nozeli (kitundu mvuke wa mafuta unapotokea) na bomba hilo. Kwa Petromax ya 500 (mwanga wa mishumaa 500) ni karibu milimita 14.

Kupwita ni nozeli iliyolegea au bomba lililojaa masizi. Zungusha gurudumu, sindano itapenya kwenye tundu na kulizibua. Sindano iliyopinda ibadilishwe. Ukiilazimisha itapanua tundu, na nozeli itakuwa ya kutupa.

Shaba_na_Nikeli:
Kama kuna utambi wa zamani ndani, usiupulize. Nyingi zilikuwa na thoriamu, ambayo ina mionzi. Utoe kwa kitambaa chenye maji, ufunge kwenye mfuko. Na humo tangini ni mafuta ya taa pekee, petroli hapana.