Je, tuna haki ya kumlaumu mtu ikiwa kila tendo lina kisababishi?

Mwalimu wa Umoja:
Ndugu wanajukwaa, naomba mnisaidie kufikiri. Mimi ni mweka hazina wa chama kidogo cha akiba hapa mtaa wa Umoja, Nairobi. Mwezi uliopita kijana tuliyemkabidhi michango ya wanachama, shilingi 40,000, aliimaliza yote kwa kamari ya michezo kwenye simu, kidogo kidogo, kwa muda wa wiki tatu. Mama yake alipokuja kikaoni hakukana lolote. Alisema tu kwamba baba wa kijana alikuwa hivyo hivyo, kwamba mwanawe amekaa miaka minne bila kazi, na kwamba yeyote aliyelelewa vile angefanya vile vile. Nilikosa jibu. Ikiwa kila tukio huzaliwa na visababishi vilivyolitangulia, na visababishi hivyo navyo vina vyao, mpaka tufike wakati ambapo kijana mwenyewe hakuwa amezaliwa, lawama yetu inamwangukia nani? Jumapili tunapiga kura ya kumfukuza au kumbakisha, nami sitaki kuinua mkono kabla sijalielewa jambo hili.

Msomaji wa Buruburu:
Mwalimu, mama huyo amesema jambo ambalo Profesa Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi alilitetea katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu adhabu. Alishikilia kwamba uhalifu hutokana na nguvu ambazo mhalifu hakuziunda, nyingi zikiwa za kijamii, na kwamba kumwadhibu mtu huku nguvu hizo zikiachwa ziendelee hakuondoi uhalifu. Naungana naye kabisa. Hata majaribio ya maabara yanaelekea huko: mwaka 1983 Benjamin Libet, mtafiti wa ubongo huko Marekani, aliripoti kwamba shughuli ya ubongo inayotangulia mwendo wa mkono ilianza takriban theluthi moja ya sekunde kabla mtu hajatambua kwamba anataka kuusogeza. Mkimfukuza, mtakuwa mmeadhibu ukosefu wa kazi na malezi ya mtu mwingine. Msimfukuze.

Wakili, South B:
Namheshimu sana Oruka, lakini jaribio la Libet halitufikishi huko. Wale watu waliambiwa wakunje mkono wakati wowote watakapojisikia, bila sababu ya kuchagua sasa badala ya baadaye. Kijana wetu alikuwa na wiki tatu za kufikiri, na sababu za kuacha alizijua zote.

Sheria yetu ya Kenya hutenganisha maswali mawili ambayo mama ameyachanganya. Mtu ambaye ugonjwa wa akili ulimzuia kuelewa anachofanya, au kujua kwamba hapaswi kukifanya, hawajibiki kwa tendo lake. Aliyeelewa huwajibika, ila historia yake husikilizwa wakati wa kupima adhabu. Ndiyo maana Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha ulazima wa hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji: jaji alikuwa amefungwa mikono, hawezi kuyapa maisha ya mshtakiwa uzito wowote.

Kwa upande wa falsafa, mwanafalsafa Mwingereza P. F. Strawson alionyesha mwaka 1962 kwamba kinyongo na shukrani ni sehemu ya kuishi na wenzetu kama watu. Fundi halikasirikii bomba linalovuja. Ukimwondolea kijana lawama yote kwa sababu tu tendo lake lina visababishi, umemwondolea pia shukrani kwa kila jema alilowahi kutenda, kwa kuwa jema nalo lina visababishi. Mimi nauliza jambo jingine: je, alikuwa na uwezo wa kuzisikia sababu na kuzifuata? Alificha alichokuwa akifanya? Na yeye mwenyewe alisema nini?

Mzee wa Pumwani:
Madrasa tulifundishwa kwamba Mwenyezi Mungu ndiye anayeumba tendo, na mja ndiye anayelichuma. Wanazuoni wa Kiashari, mojawapo ya madhehebu ya itikadi katika Uislamu, wamelishughulikia neno hilo la kuchuma, *kasb* kwa Kiarabu, kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kwa hiyo kudura haijawahi kuwa udhuru wa kula amana, wala kuwepo kwa amana hakujawahi kumaanisha kwamba mja anajitegemea katika kila kitu.

Mwalimu wa Umoja:
Nawashukuru nyote. Ndiyo, Mama Wakili, alificha. Mara mbili alituambia kwamba simu ina hitilafu, na siku ambazo mama yake aliishika simu hiyo hakucheza hata mara moja. Hilo linanionyesha kwamba kitu fulani ndani yake kilikuwa kinajibu, hata kama sijui kilitoka wapi, na ndiyo sababu siwezi kumwona kama bomba. Hoja ya Oruka nayo imebaki nami: nitapendekeza abaki, asishike fedha, na alipe polepole.

Swali lako la mwisho ndilo lililonichoma. Hakusema kitu, kwa sababu hatukumwuliza. Tulizungumza na mama yake saa nzima kuhusu baba na kazi, naye ameketi pale pale. Nimempigia simu leo; atakuja kwangu Jumamosi jioni.